Pua ya Kuazima

Msomaji mmoja ameniandikia kupitia kwa mhariri. Anasema: "Mzee, wewe ni mwongo."

Ndugu yangu, umechelewa. Hilo nililisema mwenyewe wiki ya kwanza, bure, bila kushikiwa fimbo. Ningekuwa mkweli, ningekuwa na nini cha kuungama?

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, nimkumbushe kwa ufupi.

Nilikuwa mnusaji mkuu katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Tanki likijaa, waliniletea kikombe. Nanusa, nasema "safi" au "chafu". Tanki safi linakwenda kwa walaji, tanki chafu linakwenda kutengenezwa sabuni. Kiwanda kizima kiliniita Bwana Pua. Mke wangu wakamwita Mama Pua, na paka wetu naye hakusalimika.

Mwaka wa pili wa ukuu wangu nilishikwa na mafua. Mafua yalipoondoka, yaliondoka na pua. Simaanishi pua yenyewe. Hii ipo, na ukubwa wake mnauona pichani. Ila ndani hakuna mtu. Kitunguu, manukato, soksi, vyote kwangu vikawa hewa tupu.

Sikumwambia mtu. Mnusaji asiyenusa ni sawa na kinyozi asiye na mikono.

Kwa miaka kumi na tisa nikanusa kwa macho. Chumbani mwangu alikuwamo mama mfagizi, tuliyemwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo. Mafuta yakiwa yamechacha, Shangazi huinua ncha ya mtandio akaziba pua. Yakiwa mazima, anaendelea kufagia. Mimi nainua kikombe, nafumba jicho moja kama mganga, la pili liko kwa Shangazi.

Mtandio juu, chafu. Mtandio chini, safi. Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikaribia elfu saba.

Tuliachana pale Meneja alipoingia na Mtaalamu mwenye kompyuta mbili mgongoni, akasema: "Bwana Pua, tumekuletea mwanafunzi."

Haya, tuendelee.

Mwanafunzi alikuwa sanduku jeupe, kimo cha friji. Mbele lilikuwa na wavu kama wa redio, juu kamera, kando taa mbili, ya kijani na nyekundu.

"Hii ndiyo akili mnemba," Mtaalamu akasema. "Ina pua ya waya, ina jicho, ina masikio. Itakaa nyuma yako miezi mitatu. Ukisema safi, inaandika. Ukisema chafu, inaandika. Vikombe elfu nne, mzee wangu, halafu itajua kila unachokijua."

Kila nilichokijua kingeenea kwenye kisoda.

"Kila kitu?" nikauliza.

"Hata vile usivyojua kwamba unavijua."

"Na vile visivyokuwapo?"

Akacheka. "Mzee, una utani wewe!"

Akili mnemba, maana yake akili ya bandia. Nami nilikuwa pua ya bandia. Nikajiambia, hapa wamekutana watoto wa baba mmoja.

Akalisimamisha sanduku nyuma ya kiti changu. Jicho lake likaona bega langu, kikombe changu, na mbele kidogo, Shangazi na fagio lake.

"Huyu mama hakusumbui?" Mtaalamu akauliza.

"Mwache!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimemzoea. Ukihamisha chochote humu, pua yangu inashtuka."

Akaandika kwenye kompyuta: Pua inashtuka. Kila nilichosema alikiandika. Nikipiga miayo, anaandika.

Miezi mitatu nikafundisha. Hofu yangu ilikuwa moja tu. Pua ya waya itanusa kweli, itaona kwamba mimi nabahatisha, na siku moja itasema mbele ya watu, "Huyu mzee ni gunia tupu."

Siku ya mtihani ikafika. Wakaja wakubwa wa kampuni, wenye suti na wenye viatu vinavyolia. Vikombe mia moja. Mimi naandika jibu kwenye karatasi, mashine inawasha taa. Shangazi anafagia. Tulipomaliza, Meneja akalinganisha.

"Tisini na tisa kwa mia!" akapiga kelele. "Wamekubaliana tisini na tisa kwa mia!"

Makofi. Nilikaribia kuanguka kitini. Nilijiandaa kuumbuliwa, nikavishwa taji.

Kikombe kimoja tu tulitofautiana. Ni kile kilicholetwa wakati Shangazi ameinama chini ya meza kuokota glasi iliyovunjika. Mimi nilibahatisha, nayo ikabahatisha.

Mtu mwenye akili angeshtuka pale pale. Mimi nilikuwa nakula keki.

"Sasa, Bwana Pua," Meneja akaniambia siku iliyofuata, ofisini kwake, "wewe unastaafu baada ya miezi miwili. Tutafanya sherehe. Mashine itaitwa kwa jina lako. Picha yako itakaa langoni, kubwa, hadi pua isitoshee kwenye fremu."

"Mungu akuzidishie, bosi."

"Kuna jambo dogo tu. Mashine haipendi vumbi, na fagio linatimua vumbi. Tumeagiza fagio la umeme linalojiendesha lenyewe."

"Na Shangazi?"

"Barua yake hii hapa. Inataka sahihi ya mkuu wa chumba. Mkuu wa chumba ni nani?"

Nilikuwa mimi.

Nikaisoma. Iliandikwa: "Uwepo wake hauna mchango wowote katika kazi ya kunusa."

Msomaji, ule mstari mmoja ulikuwa uongo mkubwa kuliko uongo wangu wote wa miaka kumi na tisa. Nami ndiye mtu pekee duniani niliyejua hivyo. Ningesema, "Bosi, bila huyu mama hakuna Bwana Pua." Lakini niliiona ile picha langoni. Nikaona majirani wakipita wakiinua vichwa.

Nikatia sahihi. Tena kwa mbwembwe, nikaiwekea na mkia.

Karani ndiye aliyempelekea. Shangazi hakuifungua, kwani miwani yake ilikuwa imevunjika. Akauliza imetoka kwa nani. Karani akamjibu, "Imetoka juu kwa Meneja." Shangazi akaitia kwenye mkoba, akasimamisha fagio pembeni, akaniambia, "Haya Kaka Pua, kwaheri ya kuonana." Nikakohoa.

Kuanzia siku ile mashine ikawa na furaha ya ajabu. Kila kikombe kijani. Jumatatu kijani, Jumanne kijani. Meneja akasema tangu kiwanda kianzishwe mafuta hayajawahi kuwa safi namna hiyo.

Mimi nilikuwa pale kwa heshima tu, kama ua mezani. Nikaulizwa, nami nikatazama upande wa Shangazi, nikakuta fagio la umeme linajigonga ukutani. Nikasema, "Safi."

Alhamisi nikapeleka nyumbani chupa moja. Mke wangu akaimimina kwenye kikaango, akapiga yowe.

"Baba Pua! Haya mafuta mmeyachota wapi?"

"Yana nini?"

"Yana nini? Wewe ndiye unayelipwa kujua! Yananuka kama kiatu cha maiti!"

"Labda ni kikaango."

"Kikaango nimekisugua kwa mikono yangu hii. Njoo unuse!"

Nikasogea. Nikanusa. Nikatikisa kichwa polepole kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mmh," nikasema. "Hii ni harufu ya kisasa."

Akaniangalia kwa muda. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kujua. Ndoa ina macho mengi kuliko kamera.

Nikamwendea Mtaalamu. "Mwanangu, mke wangu anasema mafuta yamechacha."

"Mkeo ana cheti?"

"Cha ndoa."

"Mashine ina uhakika asilimia tisini na nane, mzee."

"Na zile mbili zilizobaki?"

"Zile ni za unyenyekevu."

Walaji wakaanza kulalamika. Kampuni ikawajibu kwa tangazo: "Pua yako haijazoea usafi." Kwenye chupa wakabandika karatasi ya dhahabu: Imenuswa na Akili Mnemba. Bei ikapanda. Watu wakanunua zaidi! Jirani yangu alikuwa akipikia huku amejibana pua, na bado ananiambia, "Lakini hii ni teknolojia, mzee."

Kisha mambo yakageuka. Meneja akapata mafua. Akaingia chumbani na wageni, akatoa leso, akaziba pua, akapiga chafya.

Taa nyekundu. Chafu!

Tanki zuri kuliko yote ya mwaka likaenda kuwa sabuni. Kesho yake akaja tena na leso yake, tanki jingine likaenda. Keshokutwa, la tatu.

Wakamwita Profesa. Akaja na mikoba minne ya vipimo. Akapima yale mafuta siku mbili, hakuona kasoro hata ya dawa.

"Kwa hiyo mashine imekosea?" nikauliza.

Profesa akanitazama kwa huruma. "La hasha. Kwa hiyo vipimo vyetu vimepitwa na wakati. Mashine imegundua harufu ambayo pua ya binadamu haijawahi kuisikia tangu kuumbwa."

Akaipa jina, Harufu ya Nane. Akaiandikia makala ndefu, yenye michoro. Akaalikwa nchi tatu kwenda kuieleza. Nami kidogo nilijisikia fahari, maana mimi hata ile ya kwanza mpaka ya saba nilikuwa siisikii. Niliwatangulia wanasayansi kwa miaka kumi na tisa.

Msinione nacheka. Kicheko kilinikauka siku oda ya shule ilipoingia. Shule ya bweni, watoto mia saba, malori matatu ya mafuta kutoka tanki namba tisa. Yangetoka siku ileile ya sherehe yangu, ili wapiga picha wayapige yakipita langoni chini ya picha yangu.

Nikachota kikombe cha tanki namba tisa, nikakifunika, nikampelekea mke wangu. Hakukifikisha hata kidevuni.

"Haya," akasema, "hata mbwa simwoshi nayo. Na wewe acha kujifanya. Nenda kwa mwenye pua."

Hakusema ni nani. Wala sikuuliza.

Nikaenda kwa Shangazi. Nilimkuta amekaa kibarazani, anashona kifungo cha shati kwa kupapasa.

"Hodi, Shangazi."

"Karibu, Kaka Pua. Umekuja kunusa au kutazama?"

Mguu ukanikwama hewani.

"Ulijua?"

"Miaka kumi na tisa nakuinulia mtandio, ulidhani nina mafua ya kurithi?"

Nikakaa chini, kwenye ngazi, bila kukaribishwa.

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Mfagizi amwendee Meneja amwambie, mnusaji wako hanusi? Wangeniuliza nimesomea wapi." Akakata uzi kwa meno. "Mara ya kwanza niliziba pua kwa sababu yalinuka. Nikakuona umenitupia jicho, ukasema chafu. Mara ya pili nikaziba makusudi, nione. Nikaona. Basi, nikasema, huyu mzee kipofu wa pua tumwongoze tu. Watoto wangu wanakula mafuta hayohayo."

"Shangazi, ile mashine…"

"Inanitafuta."

"Umejuaje?"

"Ilikuwa inanikodolea mimi, si kikombe. Mwenye kutazamwa anajua. Wewe mwenyewe umenitazama hivyo hivyo miaka yote, nikufundishe?"

Pale ndipo kichwa changu kilipofunguka. Miezi mitatu mashine haikujifunza kunusa. Ilijifunza kumchungulia Shangazi, kama mwalimu wake. Nilikuwa nimezaa mtoto, na mtoto kafanana na baba.

Nikamweleza habari ya tanki namba tisa na watoto mia saba. Akaacha kushona.

"Njoo siku ya sherehe," nikamsihi. "Unuse, useme."

"Nije kama nani? Mimi nina barua."

"Barua… ya nani?"

"Ya Meneja, si ndivyo alivyosema karani? Sijaisoma. Miwani imevunjika, na hasira niliyo nayo inatosha, sitaki ya kuongeza."

Wasomaji wangu, mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu, mpana wa kupitisha tembo na ndama wake.

Nikaomba maji ya kunywa.

"Nitakuja," Shangazi akasema, akinipa kikombe. "Lakini kwa sharti. Utasimama mbele ya watu, useme pua ilikuwa ya nani."

"Nitasema."

"Yote?"

"Yote," nikasema. Maji yakanipalia.

Siku ya sherehe uwanja wa kiwanda ulijaa viti vyeupe. Sanduku limevishwa utepe. Langoni kuna picha yangu, na pua kweli ilikuwa imekatwa kidogo na fremu. Malori matatu yamepangwa foleni, injini zinanguruma. Mtaalamu akawaeleza wageni kwamba sasa hakuna tena mtu wa kufungua lango. Mashine yenyewe ndiyo inayoamua.

Mbele ya sanduku wakaweka kikombe cha tanki namba tisa. Taa zikazimwa kwanza, zingewashwa baada ya hotuba yangu.

Nikashika kipaza sauti.

"Ndugu wageni," nikasema, "mimi sinusi. Nina miaka kumi na tisa sijanusa kitu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja alicheka hadi kiti kikamvunjikia.

"Mnamwona!" Meneja akasema, anajifuta machozi. "Huo ndio unyenyekevu wa wataalamu wa zamani!"

"Sitanii! Sisikii harufu! Nileteeni hata mafuta ya taa!"

Vicheko vikaongezeka. Mtaalamu akachukua kipaza sauti. "Mzee, takwimu haziongopi. Tumuulize aliyekusoma vikombe elfu nne." Akaligeukia sanduku. "Bwana Pua ana pua?"

Mashine ikajibu kwa sauti laini, kama ya mhudumu wa ndege: "Bwana Pua ana pua bora kuliko zote nilizofundishwa nazo."

"Umefundishwa na pua ngapi?" nikaiuliza.

"Moja."

Makofi ya kufa mtu. Mimi naungama, wao wananishangilia. Sijui kama kuna mwenye dhambi aliyewahi kupata shida hii.

Ndipo Shangazi alipoinuka kutoka viti vya nyuma. Akapita katikati ya wenye suti, akaja hadi mbele ya jicho la sanduku. Akakiinamia kikombe, akakunja uso.

"Iwasheni hiyo taa," akasema.

"Mama, wewe ni nani?" Meneja akauliza. Alikuwa amemwona kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

"Washeni."

Mtaalamu akawasha. Taa ya kijani. Watu wakapiga makofi.

Shangazi akainua mtandio, akaziba pua. Taa nyekundu.

Akashusha. Kijani.

Akainua. Nyekundu.

"Oooh!" wageni wakasema, kama wanatazama mazingaombwe.

Akashusha. Kijani. Akainua, akaacha mtandio palepale puani. Nyekundu.

Kicheko kikafa kidogo kidogo, kuanzia viti vya mbele. Profesa akatoa kalamu, akairudisha mfukoni.

"Haiwezekani," Mtaalamu akanong'ona, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, tulimsikia wote. "Imepita njia ya mkato. Pua ya waya haijaitumia hata siku moja."

"Kwa nini?" Meneja akamkaripia.

"Haikuwa na haja, bosi. Ilimwona mama huyu."

Meneja akanijia, uso umemvimba. "Mzee. Mbele ya Mungu na wageni. Huna pua?"

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Bosi, umesimama hapa na jasho la suti nzito, nami nakuona mtu safi kabisa."

Sanduku likatoa mlio mdogo. "Nimesikia," likasema. "Mnusaji wa rejea, yule niliyejifunza kwake, amekiri hana pua. Jina lake limefutwa. Lango limefungwa mpaka apatikane mnusaji mwingine."

Nikarusha mikono juu. "Ahsante Mola! Lango limefungwa! Malori hayatoki!"

Askari wa lango akaja mbio, kofia mkononi.

"Bosi, malori yametoka."

"Yametoka vipi?"

"Taa ilikuwa ya kijani, bosi. Iliwaka kijani mara tatu. Kila ikiwaka lango linafunguka, lori linatoka."

Tukamgeukia Shangazi. Kijani cha kwanza, kijani cha pili, kijani cha tatu. Tulipokuwa tunatoa macho kutazama mtandio ukishuka, mafuta ya tanki namba tisa yalikuwa yanaondoka nyuma yetu moja baada ya jingine, chini ya picha yangu.

"Wapigie simu madereva!" Meneja akafoka.

Askari akainua kikapu. Simu zote tatu zilikuwa humo. Kampuni ilikuwa imekataza simu barabarani; madereva wanafuata tu kioo cha mashine kilichomo ndani ya lori.

"Pigeni shuleni!"

Karani akapiga. Akatuwekea tusikie. "Karibu," sauti laini ikajibu, dada wa toka nitoke wa ile yetu. "Simu yako ni muhimu kwetu. Kwa maswali ya ada, sema moja."

"Mtaalamu, zirudishe hizo gari!"

Mtaalamu alikuwa anagonga vitufe hadi vidole vinapiga kelele. "Haikubali, bosi. Mimi ni mtengenezaji tu. Amri ya kurudisha mafuta inatoka kwa mnusaji. Na mnusaji tumemfuta sasa hivi."

Yaani, msomaji, uongo wangu ungeyarudisha yale malori. Ukweli wangu ndio ulioyafungia mlango wa kurudi. La kuvunda halina ubani, na mimi nilikuwa nimevunda pande zote mbili.

"Mfanyeni Shangazi mnusaji!" nikasema. "Sasa hivi!"

Mtaalamu akauliza mashine. Ikafikiri. Ikasema:

"Mtu huyu aliondolewa kazini. Aliyemwondoa asome sababu ya kumwondoa kwa sauti yake, kisha aikane. Lori la kwanza litafika baada ya dakika kumi na saba."

Watu wote wakamtazama Meneja. Meneja akanitazama mimi. Halafu, polepole, Shangazi naye akanitazama.

Akafungua mkoba. Akatoa bahasha, bado imefungwa.

"Soma, Kaka," akasema. "Nami sijaisikia."

Nikaichana. Nikasoma, na kipaza sauti kikapeleka sauti yangu hadi barabarani. "Uwepo wake hauna mchango wowote katika kazi ya kunusa."

"Malizia," akasema. "Chini kuna nini?"

"Sahihi."

"Ya nani?"

"Mkuu wa chumba cha kunusia."

Mke wangu, safu ya pili, akajishika kichwa.

Shangazi hakupaza sauti. Ningemshukuru kama angepaza.

"Siku ulipotia sahihi, Kaka, kile kikombe chako cha mwisho kabla hujaitwa ofisini, ulijuaje kama ni safi?"

"Nilikutazama wewe."

"Halafu ukaenda ukaandika hivyo."

"Nikaandika hivyo." Nikaligeukia sanduku. "Naikana! Ni uongo! Naikana yote!"

"Imepokelewa," mashine ikasema. "Mama, unakubali kuwa mnusaji na kutoa amri ya kurudisha malori? Jibu ndiyo au hapana. Zimebaki dakika kumi na mbili."

Meneja akapiga magoti, suti na yote. Mtaalamu akaunganisha viganja. Nami nikatamani ardhi ipasuke, ila si kabla hajajibu.

Shangazi akanipokonya kipaza sauti. Akavuta pumzi ndefu, kwa pua.

"Hapana," akasema. "Uwepo wangu hauna mchango wowote, si ndivyo barua inavyosema?"

"Asante kwa ushirikiano wako," ikajibu mashine.